Mbwa anachechemea, lakini halii

Sisi huwafanyisha mbwa mazoezi ya tiba, na simu nyingi tunazopokea huanza hivi: "Mbwa wangu anachechemea kidogo, ila haumwi, maana halii." Tukiuliza ni tangu lini, tunaambiwa tangu Krismasi. Mbwa aliyezoea maumivu halii. Anahamisha mzigo tu.

Mbwa mzima hubeba takriban asilimia 60 ya uzito wake kwa miguu ya mbele. Goti au nyonga ikianza kuuma, anausukuma uzito mbele zaidi, kimyakimya. Baada ya miezi kadhaa mabega yamejaa, paja limekonda. Chukua tepu ya fundi cherehani, pima paja la kushoto na la kulia mahali palepale, uone kama yanalingana. Mwangalie pia anavyokaa: mwenye goti bovu hukaa upande, mguu mmoja kautupa nje.

Wengi tunaowahudumia ni mbwa wa ulinzi. Wanashinda bandani, usiku wanafunguliwa. Mbwa hajanyoosha mguu kutwa nzima, saa nne usiku anakurupuka kumfukuza paka barazani kwenye vigae, anateleza. Mara nyingi kano ya msalaba ndani ya goti huwa imeshaanza kuchakaa, na kuteleza huko kunaimaliza. German Shepherd huletwa zaidi kwa ajili ya nyonga. Mbwa koko wanakuja na mifupa iliyovunjwa na bodaboda, na hao, tukisema ukweli, ndio wagonjwa tunaowapenda: hawadeki.

Mazoezi hayaungi kano iliyokatika. Yanarudisha misuli, yanalegeza kiungo kilichokakamaa, na yanamfanya mbwa aukanyagie tena mguu alioacha kuutumia. Ndiyo maana hatuanzi bila barua ya daktari wa mifugo. Mbwa aliyeamka miguu ya nyuma imekufa ghafla usimlete kwetu, mpeleke kwa daktari saa hiyohiyo. Na zile diklofenaki za kwenye droo ya nyumbani ziache humohumo: dawa hiyo, na ibuprofeni pia, zinaweza kumsababishia mbwa vidonda vya tumbo na kuharibu figo zake.

Kazi yenyewe haina mbwembwe. Tunamtembeza polepole, kamba fupi, kwa sababu mbwa akikimbia anaunyanyua mguu mbovu na kwenda kwa mitatu. Tunamkalisha na kumsimamisha, tunamvusha juu ya mipini ya fagio tuliyoilaza chini. Nyumbani utamlaza ubavu na kumkunjakunja mguu taratibu, kama mara kumi, asubuhi na jioni. Akivuta mguu au akigeuka kukuangalia, umezidisha. Vigae vitandikie zulia kuukuu. Usitandike mkeka, unateleza kuliko vigae vyenyewe. Kucha zikatwe.

Jambo jingine ambalo watu huona haya kulisema: kama mlinzi wako hapendi kugusa mbwa kwa sababu ya dini yake, usimlazimishe. Tuambie mapema, tumfundishe mtu mwingine wa hapo nyumbani. Mazoezi ya kulazimishana hufanyika siku mbili, ya tatu yanasahaulika.

Mbwa ambaye daktari amemruhusu kulowa tunampeleka baharini hapa Dar es Salaam, upande wa Kunduchi. Maji yakimfika nyongani, miguu yake inabeba kama asilimia 38 tu ya uzito wake. Yakiishia magotini bado anabeba asilimia 85 hivi, kwa hiyo kumwacha acheze ukingoni mwa Coco Beach siku ya Jumapili ni matembezi mazuri, lakini si tiba. Tunaingia naye, amevaa boya, tunakaa dakika tano za mwanzo, wiki zinazofuata tunaongeza. Hatumrushii mpira, maana akifumbua mdomo anameza maji ya chumvi, na usiku utafagia matapishi.

Njoo na barua ya daktari, taulo, na dumu la maji yasiyo na chumvi ya kumsuuza na kunywa. Mchana hatufanyi kazi, jua la Dar linachosha hata mbwa mzima. Usishangae miadi ikihama: maji huchelewa kujaa kwa takriban dakika 50 kila siku, kwa hiyo saa tuliyokutana wiki iliyopita huenda wiki hii ikawa ya mchanga mtupu.