Kuonja bia Jumamosi: muda umebadilika

Habari zenu wapendwa,

Kikao cha kuonja bia za viwanda vidogo kipo Jumamosi kama tulivyopanga, mahali palepale, ila sasa tunaanza saa 10 jioni badala ya saa 12.

Safari hii ni zamu ya bia mpya za hopsi mbichi (hopsi ni maua yanayoipa bia uchungu na harufu). Maua haya hayakaushwi: yanachumwa na kuingia mtamboni ndani ya siku moja hivi, ndiyo maana zinanukia majani yaliyokatwa sasa hivi. Harufu hiyo haidumu, kwa hiyo naomba sana:

1. Kila mtu alete chupa au kopo mbili za aina moja. Soma tarehe ya kujazwa. Iliyokaa miezi mingi iache.
2. Itunze kwenye friji. Mwanga huiharibu haraka, hasa ikiwa kwenye chupa ya kijani au isiyo na rangi.
3. Natafuta wawili wa kuleta glasi na mmoja wa maji ya kunywa.

Wanaoendesha gari, leteni zisizo na kilevi. Siku hizi zipo nzuri kweli.

Tutazungumzia pia kiwanda cha bia cha Anchor Brewing cha San Francisco, kilichofungwa 2023 kisha kikanunuliwa 2024 na Hamdi Ulukaya, mwanzilishi wa kampuni ya mtindi ya Chobani. Natamani sana kirudi. Bia yao ya Liberty Ale ya 1975 ni miongoni mwa bia zilizowafungulia wengi njia ya Cascade, aina ya hopsi ya Kimarekani.

Tafadhali thibitisha hapa kabla ya Alhamisi usiku: unakuja au la, na unaleta bia gani, tusije tukarudia aina.

Asanteni sana.