Salamu za Mwaka Mpya: Tuanze na Droo Moja

Ndugu zangu, jamaa na marafiki, heri ya mwaka mpya. Wakubwa zangu shikamooni, rika langu hamjambo, wadogo zangu nawaombea mema. Namshukuru Mungu tumevuka.

Najua hatukuvuka wote kwa namna moja. Wapo waliovuka wakicheka, na wapo waliovuka huku kiti kimoja nyumbani kikiwa hakina mtu. Nyinyi mliofiwa, mlioachishwa kazi, mliouguza mwaka mzima, poleni sana. Mtu asiwasukume kuandika malengo yoyote mwezi huu. Kuamka, kuoga na kufungua dirisha hewa iingie ni kazi ya kutosha kwa sasa, na hayo mengine ninayoandika hapa chini yatawasubiri mpaka mtakapokuwa tayari.

Kwa kawaida wakati kama huu huwatumia maneno mawili matatu basi. Safari hii nimeandika barua nzima, kwa sababu ya kitu nilichokikuta Jumamosi iliyopita kwenye droo ya meza iliyo karibu na mlango wetu. Nilikuwa natafuta ufunguo wa akiba. Droo ikafunguka nusu, ikakwama. Nikapitisha vidole, nikakandamiza kilichokuwa kinazuia, nikavuta kwa nguvu, ikatoka yote na vitu vikamwagika. Nikaona basi, leo ndiyo leo. Nikatandika shuka kuukuu sakafuni, nikakaa, nikaanza kuvitazama kimoja kimoja.

Funguo zilikuwa tisa. Nilizijaribu zote kwenye kila kufuli la nyumba hii, na mbili tu ndizo zilifungua kitu. Kulikuwa na waya za chaji za simu ambazo zilishatoka mikononi mwetu zamani. Kalamu zilizokauka. Chupa ya dawa ya kikohozi iliyopita muda wake wa matumizi. Betri zimechanganyika na sarafu na funguo, jambo ambalo ni la hatari, kwani chuma kikigusa ncha zote mbili za betri yenye nguvu huweza kupata moto. Na zile betri ndogo za duara kama kifungo, mtoto akizimeza ni dharura ya kukimbilia hospitali. Kulikuwa na risiti nilizozihifadhi kwa ajili ya dhamana ya vifaa, zimefifia zote hazisomeki. Karatasi za risiti nyingi huchapwa kwa joto na maandishi yake hupotea, kwa hiyo ukitaka kumbukumbu ipige picha siku ileile unapoipewa.

Chini kabisa kulikuwa na daftari. Nilipolifungua nikakuta mwandiko wangu, tarehe 1 Januari, na chini yake malengo kumi na moja. Nikafunua kurasa chache mbele: tarehe 1 Januari ya mwaka uliofuata, malengo kumi na moja tena, tisa yakiwa yaleyale. Kisha mwaka wa tatu. Kuamka alfajiri. Mazoezi kila siku. Kuweka akiba. Kujifunza lugha mpya. Na "kupanga nyumba" limo katika miaka yote mitatu, kwa wino wa rangi tatu tofauti. Baada ya kila orodha kuna kurasa mbili au tatu za maelezo ya siku za mwanzo, halafu karatasi nyeupe.

Nilikaa na lile daftari muda mrefu. Kilichonigusa ni kwamba daftari na droo vilikuwa kitu kimoja. Kila kilichokuwa mle ndani kiliingia kwa sababu nzuri: ufunguo huu huenda ukahitajika, waya huu bado mzima. Hata malengo yale yote ni mema, hakuna hata moja la kulionea aibu. Ila kwa miaka mitatu nimekuwa nikiingiza tu, sitoi kitu. Droo ikijaa hukwama hata kama vilivyomo ni vizuri, na siku za mtu ni vivyo hivyo. Saa moja ya mazoezi ina mahali pake ilipotoka: imetoka kwenye usingizi, au kwenye mazungumzo na watoto, au kwenye kazi. Usipoamua mwenyewe itoke wapi, haitapatikana.

Nimekuwa nikifikiria hili pamoja na jina la mwezi wenyewe. Januari imetokana na Janus, mungu wa Warumi wa milango na mianzo, ambaye walimchora na nyuso mbili, mmoja unatazama nyuma na mwingine mbele. Mwaka 45 KK, kalenda ya Julius Caesar ilipoanza kutumika, mwaka ulianzia tarehe 1 ya mwezi huo. Mimi si mtu wa miungu ya Warumi, lakini sura ile imenifundisha kitu: mlangoni hutazamwa pande zote mbili. Mimi nilikuwa natazama mbele tu. Laiti ningelifunua lile daftari mwaka jana kabla ya kuandika upya.

Turudi sakafuni. Nimesoma mashauri mengi ya kupanga nyumba, masanduku ya rangi na lebo. Kwangu kimefaa kitu kimoja: kabla ya kurudisha kitu chochote nilijiuliza, taa zikiwa zimezimwa na nina haraka, mkono wangu utakitafuta wapi kwanza? Hapo ndipo kilipokwenda. Funguo zimetundikwa kwenye ndoano ubavuni mwa mlango, kwa sababu mkono hupapasa hapo kila siku hata kabla ndoano haijawekwa. Tochi iko juu ya meza ya kitandani. Mkasi umerudi jikoni, ambako kila mara tulikuwa tukienda kuutafuta na kuukosa. Kwa miaka nilidhani watu wa nyumba hii hawana nidhamu, kumbe vitu ndivyo vilikuwa vimewekwa pasipo pake.

Karatasi nazo zina bahasha yake: vyeti vya kuzaliwa, vyeti vya shule, hati za umiliki, kadi za kliniki. Kila karatasi ambayo ikipotea itakugharimu siku nyingi za kupanga foleni, iwe humo, na picha yake iwe sehemu nyingine salama. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Na jambo moja nalisema kwa uchungu kidogo. Usipange vitu vya mwenzako bila yeye. Niliwahi kuipanga rafu ya mwenzangu nikidhani namsaidia, nikatupa karatasi ambazo kwangu zilikuwa taka na kwake zilikuwa kazi ya miezi. Hatukusemeshana siku mbili, na alikuwa na haki. Panga chako, mwombe naye apange chake, na vya pamoja mkae pamoja. Tena nyumba ikishapangwa, kuitunza isiwe mzigo wa mama peke yake huku wengine tukiuliza tu "kiko wapi?" Mtoto wa miaka minne anaweza kutundika begi lake ndoano ikiwekwa kimo chake. Sisi wazima tutashindwaje?

Ile droo moja ilinichukua saa moja na dakika arobaini. Kabla ya kuanza nilijiambia dakika ishirini.

Huu ni udhaifu wetu wote, na umefanyiwa utafiti. Mwaka 1994, Roger Buehler na wenzake huko Kanada walichapisha matokeo ya kuwauliza wanafunzi wa chuo kikuu watamaliza lini tasnifu zao. Kwa wastani walisema siku 34. Wakaulizwa, mambo yakienda vibaya kabisa je? Wakasema kama siku 49. Hali halisi ikawa zaidi ya siku 55. Yaani hata walipojilazimisha kuwaza mabaya bado walijipendelea, na waliomaliza ndani ya muda waliojipangia hawakufika hata theluthi moja. Nilipolisoma hilo nilielewa kwa nini orodha zangu hufa. Ninaziandika tarehe moja, nimelala vya kutosha, sina kazi siku hiyo, moyo umejaa. Halafu anayetakiwa kuzitimiza ni mtu mwingine kabisa: ni mimi wa Jumatano jioni, nimechelewa kurudi, mtoto ana homa, na kesho kuna kikao cha asubuhi.

Kwa hiyo mwaka huu nimempangia huyo wa Jumatano. Nimejiuliza, katika siku kama ile, nini kinawezekana? Mazoezi ya saa nzima hayawezekani. Kutembea dakika kumi kunawezekana. Basi lengo ni dakika kumi. Siku nikiwa na nafasi nitatembea arobaini na nitafurahi, lakini deni langu ni kumi. Na nimeliambatisha na kitu ambacho tayari nakifanya kila siku: nikivua viatu vya kazini, navaa vya kutembea hapohapo, kabla sijakaa. Peter Gollwitzer, mtaalamu wa saikolojia kutoka Ujerumani, amelifanyia kazi hili kwa miaka mingi, na alionyesha kuwa mtu aliyejipangia "hali fulani ikitokea, nitafanya hivi" hutimiza zaidi kuliko aliyebaki na nia tupu. Nia haijui saa wala mahali. Viatu vilivyo mlangoni vinajua.

Mengine nimeyatoa. Nilichukua kalamu nikapitisha mstari juu ya malengo tisa kati ya yale kumi na moja, na kufuta lile la kujifunza lugha kuliniuma kweli, maana ni ndoto ya tangu utotoni. Lakini nilipolifuta nilisikia kifua kimepumua. Halijafa, lina mwaka wake. Akiba nayo nimeitoa kwenye orodha kwa njia nyingine: nimeagiza benki ikate kiasi kidogo siku ileile mshahara unapoingia, kabla sijauona. Haisubiri tena ushujaa wangu wa mwisho wa mwezi. Yamebaki mawili: dakika kumi za kutembea, na kila Jumamosi droo moja au rafu moja, si chumba, nikitenga saa mbili na nisijidanganye kwamba ni dakika ishirini.

Labda mmesikia kwamba ukifanya jambo kwa siku 21 linakuwa mazoea. Msitegemee hesabu hiyo, itawavunja moyo siku ya 22. Phillippa Lally na wenzake wa chuo kikuu kimoja cha London waliwafuatilia watu 96, kila mmoja akiwa amechagua jambo moja dogo la kufanya kila siku, na matokeo yakachapishwa mwaka 2010. Ilichukua kwa kawaida siku 66 mpaka jambo lijifanye lenyewe, na tofauti zilikuwa kubwa mno: wengine siku 18, wengine ilikadiriwa wangefika 254. Na kuna jambo katika utafiti ule ambalo nimeliandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari jipya: kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Walioruka siku moja wakaendelea walifika kama wenzao. Sijui ni mara ngapi nimeacha jambo zima kwa sababu ya siku moja niliyoikosa. Nyinyi msifanye hivyo. Ukikosa leo, kesho vaa viatu.

Ukihesabu siku 66 kuanzia tarehe 1 Januari, unafika tarehe 7 Machi, Februari ikiwa na siku 28. Nimeizungushia duara kwenye kalenda. Siku hiyo kelele zote za mwaka mpya zitakuwa zimekwisha, hakuna atakayekuwa anauliza habari za maazimio, na ndiyo siku nitakayowaandikia tena. Nitauliza jambo moja tu: lile dogo ulilolichagua, bado unalo?

Kwa hiyo msinijibu kwa "nawe pia" peke yake. Nijibuni kwa kitu kimoja mtakachokitoa mwaka huu, na kimoja kidogo mtakachokishika. Kikiwa kidogo kiasi cha kuona haya kukitaja, hichohicho ndicho ninachokitaka. Nitayaandika majibu yenu kwenye lile daftari jipya, baada ya ukurasa wa kwanza, ili safari hii lisibaki jeupe.

Nawatakia mwaka wa afya, wa riziki ya halali, wa milango inayofunguka na watu wa kuifungua pamoja nao. Watoto wapate usingizi, wagonjwa wapate nafuu, walio mbali warudi salama. Nyumbani wote wanawasalimu. Ile droo inafunguka kwa kidole kimoja sasa, na ufunguo wa akiba niliokuwa nautafuta ulikuwa ndani ya lile daftari la zamani.