Umenunua Cessna ya zamani? Usianze na skrini

Mtu aliyenunua ndege kwa mara ya kwanza akija karakanani kwetu, hapa uwanja wa ndege wa Arusha, Kisongo, mara nyingi simu yake imejaa picha za dashibodi: skrini za rangi, redio mpya, viti vya ngozi. Hatumlaumu. Cessna 172 ya mwaka 1975 ukiifungua mlango haikuvutii kwa chochote. Lakini sisi tunaanza kwa kumwomba vitabu.

Vitabu vya kumbukumbu, cha bodi, cha injini na cha propela, ndivyo vinavyosema umenunua nini. Rangi hupigwa ikapendeza. Kumbukumbu za miaka 50 haziwezi kuandikwa upya. Injini ya Lycoming O-320, ambayo ndiyo iliyomo kwenye 172 nyingi za enzi hizo, mtengenezaji anapendekeza ifanyiwe ovahoo, yaani kufunguliwa yote na kufanywa upya, ikifika saa 2,000 au miaka 12, lolote litakalotangulia. Wauzaji wanapenda kutaja saa. Miaka hawaigusi. Kwetu sisi, injini ya saa 600 iliyolala hangani miaka mingi inatutia wasiwasi kuliko ya saa 1,500 inayoruka kila wiki.

Sababu ni kwamba kamshafti ya Lycoming, ile shafti inayofungua vali, imekaa juu ya krenkishafti, shafti kuu inayozungushwa na pistoni. Ndege isiporuka, oili inachuruzika kwenda chini, chuma kinabaki kikavu, na unyevunyevu wa masika unakikuta hivyo. Kutu ikishachimba vishimo, kamu, yaani vinundu vya kamshafti, inaanza kulika na chenga za chuma zinaingia kwenye oili. Hapo unaongelea kufungua injini yote, na bili yake ni makumi ya mamilioni ya shilingi. Wapo wanaowasha injini dakika kumi kila Jumamosi wakiamini wanaitunza. Wanaiharibu, kwa sababu mwako unazalisha maji na oili haipati joto la kuyafukuza. Ushauri wa Lycoming ni kuiruka saa moja mfululizo, angalau mara moja kila siku 30, oili ikiwa imefika nyuzi 74 za selisiasi au zaidi. Kama utasafiri masika yote, tuambie mapema tuihifadhi kwa oili maalumu ya kuzuia kutu.

Kwa hiyo ndege mgeni tunaimwaga oili, tunaikata filta na kuikunjua kutafuta chenga, kisha tunapima silinda moja moja. Tunaingiza hewa ya shinikizo la psi 80. Silinda nzima inashika zaidi ya 70. Ikisoma chini ya 60, tunaanza kuzungumza habari ya kuishusha. Tunapitisha pia kamera ndogo kwenye tundu la plagi tuone vali. Baada ya hapo ni oili na filta kila saa 50, na usisubiri saa zitimie kama huruki: miezi minne ikipita, imwage.

Malalamiko tunayoyasikia kuliko yote ni “ndege yangu haina nguvu.” Mara nyingi injini haina kosa. Kisongo iko karibu futi 4,550 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa nyuzi 30, hewa inakuwa nyepesi kana kwamba uko zaidi ya futi 7,000, na injini ya nguvu za farasi 150 inakupa kama 115 hivi. Ruka asubuhi, punguza mzigo, na ujifunze kurekebisha mchanganyiko wa mafuta na hewa kabla ya kuondoka, maana wengi wamefundishwa viwanja vya chini kuusukuma mpaka mwisho. Rubani wa Moshi, aliye chini yetu kwa zaidi ya futi 1,700, anaihisi tofauti hiyo kila akija huku. Ukishafanya hayo bado ukahitaji zaidi, kuna propela ya kupandia, inayovuta zaidi ndege inapopaa, na kuna injini ya farasi 180 yenye kibali kwa 172 nyingi.

Jambo moja dogo hatulisamehe: reli za viti. Kwenye Cessna za zamani reli na pini zikilika, kiti kinaweza kuteleza nyuma wakati wa kupaa, rubani akavuta usukani bila kukusudia na pua ikanyanyuka. Agizo la mamlaka ya Marekani, FAA, linataka zikaguliwe kila saa 100 au miezi 12.

Sasa tuje kwenye maboresho. Tungeanza na mikanda ya mabega kama haipo. Kisha kitoa ishara ya dharura cha 406 MHz, kwa sababu setilaiti ziliacha kusikiliza masafa ya zamani ya 121.5 MHz tangu Februari 2009, na ukitua kwa dharura porini mbali na barabara utatamani mtu ajue uko wapi. Halafu kifaa cha kuonyesha joto la kila silinda. Skrini zinafuata, na zina sababu nzuri kuliko urembo: pampu kavu ya vakyumu, inayoendesha jairo zako (vifaa vya kuonyesha mkao na mwelekeo wa ndege), hufa ghafla na kuondoka nazo; skrini za kielektroniki haziitegemei. Ila usimpe kazi fundi redio wa magari, hata awe stadi namna gani. Kila kifaa kinahitaji kibali kwa aina ya ndege yako, na ndege inapigiwa upya hesabu ya uzito.

Kama bado hujalipa, njoo kabla. Ndege nyingi zinazoletwa kwetu hutoka Nairobi, na yenye namba za usajili za Kenya, 5Y, lazima ifutwe kwenye daftari la huko kabla TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Tanzania, hawajaipa za kwetu, 5H. Tupigie picha kurasa zote za vitabu, hata zile chafu, ututumie. Tukiona inafaa tutakwenda kuikagua pale ilipo, wewe ukiwa bado na hela yako mfukoni.