Malalamiko: TV mulizotuma Chake Chake zimefika vioo vimepasuka

Assalam alaykum wahusika wa huduma kwa wateja,

Mimi nina duka la vifaa vya umeme hapa Chake Chake, nimeagiza kwenu TV za inchi 43 na mzigo umenifikia jana. Boksi la mwanzo nafungua kioo kimepasuka kuanzia kona ya chini, la pili hivyo hivyo, ya tatu inawaka lakini ina mstari mweusi katikati. Nimepiga simu naambiwa eti wachukuzi wa bandarini ndio walioangusha. Hapana, hilo sikubali.

Maboksi nje mazima kabisa, hayana hata pa kubonyea. Tatizo ni ndani, zile foma nyeupe za kushika kona zipo juu tu, chini mumekunja vipande vya boksi mukajazia, uzito wote wa TV umekalia ukingo wa kioo na ukiitikisa unaisikia inacheza. Vipakiti vya kunyonya unyevu sikuona hata kimoja na mzigo umepita baharini! Halafu ubavuni hamna mshale wala alama ya gilasi, sasa mtu wa melini atajuaje kama hii husimamishwa hailazwi? TV bapa ukiilaza ikabebeshwa mizigo mingine juu, kioo kinapinda na kupasuka.

Jamani mzigo wa Pemba hauji na gari moja mpaka mlangoni. Unatoka kwenu na lori, unapakiwa meli Dar, bandari ya Malindi Unguja unateremshwa unahamishiwa meli nyengine, bandari ya Mkoani huku Pemba unateremshwa tena ndio utafutiwe gari ya kuja Chake, na kote huko unabebwa na watu mbali mbali wala baharini haukosi kuyumba. Nyinyi munaunganisha TV wenyewe hapo kiwandani na kazi yenu nzuri, nauza na wateja wanazipenda, sasa mbona mnaziharibu kwenye kufunga tu?

Nataka hizo mbili munibadilishie na nauli ya meli kwenda na kurudi iwe juu yenu, ya tatu fundi wenu aikague. Mzigo mwengine muweke foma kona zote, juu na chini, na boksi la pili kwa nje, na kabla hamujaliziba mulitikise, likicheza mufungue mufunge upya.

Kuna mteja kashanilipa nusu na kila siku anakuja kuuliza. Picha, video na risiti nimewatumia WhatsApp, maboksi ninayo sijatupa. Nataka jibu wiki hii.