Kabla hujaenda kuchomwa sindano

Langoni, Lamu
Ijumaa, baada ya Alasiri

Shoga yangu Mwanakombo,

Asalaam aleikum. Huku tu wazima, mama anakusalimu sana. Nisamehe kimya. Miezi minne sikushika kalamu kwa kuwa mkono wa kulia ulinikatalia, na leo nimeishika kwa habari alizoniletea Rukia jana.

Anasema unataka namba ya yule mama wa Mombasa wa akupancha, ile tiba ya Kichina ya kuchomwa sindano. Nitakupa. Lakini anasema pia umeangusha vikombe viwili wiki hii, vifungo vya gauni unafungiwa na mtoto, na ukishuka ngazi unashika ukuta. Hayo yameninyima usingizi, maana mimi sikuwa hivyo.

Yangu yalikuwa upande mmoja. Moto ulianzia shingoni, ukapita nyuma ya bega, ukashuka hadi kidole cha kati, hiki ninachosukumia sindano. Kikafa ganzi. Siku moja nashona kofia ya vito, nikaona damu kwenye kitambaa cheupe kabla sijasikia kwamba nimejichoma. Nikapigwa chuku, wapi. Mkandaji mmoja akanizungusha shingo mpaka ikalia, na usiku ule nililala nimekaa, mkono juu ya kichwa, kwani hapo tu ndipo moto ulipopoa.

Daktari ndiye aliyenifumbua macho. Pingili za shingo ni 7, lakini jozi za mishipa ya fahamu zitokazo hapo ni 8. Wangu wa 7 umebanwa na disiki, yaani kile kifuto laini kilalacho kati ya pingili, iliyotokeza baina ya ya 6 na ya 7. Alinigonga viwiko na magoti kwa kinyundo, akanitembeza kisigino kikigusa vidole, ndipo akaniruhusu hizo sindano.

Nilikaa kwa dada wiki sita, kila wiki mara moja. Sindano ni nyembamba kama unywele, hazina dawa ndani, na kila moja yule mama aliifungua kwenye pakiti yake mbele yangu. Moja chini ya kisogo, nyingine begani, nyingine kwenye nyama iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada. Hazikuniuma, nilisikia uzito tu, kama mtu ananigandamiza kwa kidole. Baada ya mara ya tatu nililala chali, Mwanakombo, nikalia kwa furaha.

Naamini zilinisaidia. Ila daktari hakunificha: kwa maumivu ya shingo ya muda mrefu akupancha imepimwa na kuonekana inapunguza kiasi, lakini kwa mshipa uliobanwa, utafiti mzuri bado ni mchache, na wengi hupoa wenyewe kwa wiki kadhaa au miezi michache. Sindano haiondoi disiki.

Ndiyo nakurudia wewe. Mikono yote miwili, tena miguu inayumba, hapo si mshipa mmoja. Huenda ni ule ugwe mkuu ndani ya uti wa mgongo unaobanwa, na huo ukicheleweshwa, nguvu zilizopotea huenda zisirudi hata ukipasuliwa. Muone daktari kwanza, na akitaka MRI, ile picha ya mashine ya sumaku, usikatae, maana eksirei huonyesha mifupa, mishipa haionekani. Na asikuguse mtu shingo hiyo kuivuta. Hata Bi Zena, na najua atakavyonuna.

Sasa niambie kweli. Ganzi iko vidole vipi? Ni mikono yote miwili, au Rukia ameongeza chumvi? Mkojo unakuja kama kawaida? Ukiinamisha kichwa, husikii kama umeme ukishuka mgongoni? Mumeo umemwambia, au unamficha kama mwaka ule? Nani atakupeleka hospitali?

Kama hakuna, Jumatatu navuka Mokowe nishike basi la asubuhi. Nitandikie chumba cha nyuma. Namba ya yule mama ninayo mkobani, nitakupa daktari akishasema.

Wako,
Khadija