Ndoa zinaumia barabarani, msitusingizie kazi

Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma miaka mingi na sijawahi kuwaandikia, ila ile habari ya ndoa kuvunjika imenikera. Yule mshauri wenu anasema wanawake wa siku hizi tunathamini kazi kuliko waume zetu. Foleni hakuitaja hata mara moja. Mimi nakaa Chanika, kazi yangu iko Kariakoo.

Natoka alfajiri watu wamelala. Jioni ndio balaa, kugombania gari, mara nyingi inabidi ulipande likiwa bado linaenda mjini, ugeuze nalo ndio upate siti, nauli mara mbili hiyo, halafu Barabara ya Nyerere wenyewe mnaijua. Flaiova ya Tazara ilipofunguliwa 2018 tulishangilia, kumbe foleni imesogea tu mbele, ukaja na ujenzi wa njia ya mabasi ya mwendokasi, barabara ikazidi kubana. Nafika saa tatu usiku, mvua ikinyesha saa nne. Na mume wangu tunaongea kwa meseji, gesi imeisha, mtoto anadaiwa hela ya mtihani, basi. Kuna siku ya mvua simu ilizima chaji tukiwa Pugu, nafika nyumbani nakuta kikao, mume wangu na kaka yake wamekaa sebuleni wananisubiri. Nimesimama kwenye gari toka Buguruni, miguu imevimba, viatu nimevishika mkononi vimejaa tope, shemeji ananiuliza hiyo foleni inakushika wewe tu? Nililia mhariri. Mume wangu sio mtu mbaya hata kidogo, ila mtu mnayeonana naye usiku tu mmechoka wote, shaka itaacha vipi kuingia?

Na hawa makonda wanaokatisha ruti nani anawadhibiti? Gari imeandikwa Chanika, ikifika Gongo la Mboto "mwisho hapa, shukeni", uanze kutafuta gari nyingine na nauli nyingine, ukiuliza unatukanwa mbele za watu.

Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka mgogoro upite kwanza baraza la usuluhishi kabla ya kwenda mahakamani kudai talaka. Basi wajumbe wa hayo mabaraza, kabla hawajamuuliza mwanamke alikuwa wapi, wapande gari ya Chanika Ijumaa saa kumi na moja jioni, wasimame, wafike nayo mpaka mwisho. Na maofisi yagawane muda, wengine waingie saa moja wengine saa tatu, sio mji mzima tunaachiwa kwa wakati mmoja.

Msomaji wenu,
Chanika, Dar es Salaam