Malalamiko juu ya prosesa mliyoweka kwenye HP EliteBook 8460p yangu

Lubumbashi

Bwana Meneja,

Nakusalimu kwa heshima. Kaunta wameniambia malalamiko yanapokelewa kwa maandishi tu. Basi haya hapa, na nakala ninayo.

Masharti yenu sitakusomea, mmeyachapa wenyewe nyuma ya risiti. Kipengele cha nne kinasema fundi atahakikisha kifaa kinakubaliana na mashine kabla hajalegeza skrubu hata moja. Nianzie panaponiuma.

Fundi wenu aliifungua laptopu yangu palepale kaunta, watu wakitazama. Ilikuwa na prosesa (ubongo wa kompyuta) i5-2520M, nzima, asubuhi ileile nilikuwa nimeichapia kazi ya mwanafunzi kurasa nyingi. Akaing'oa. Akapachika i7-3520M, akawasha. Feni ikazunguka, skrini nyeusi, taa ya Caps Lock ikawa inakonyeza. Akazima, akawasha tena, nyeusi vilevile. Ndipo akacheka, akawageukia waliokuwa kwenye foleni: "Hii mashini ya mama ni mitraye", yaani chuma chakavu. Wakacheka. Kati yao walikuwamo wanafunzi wa UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, wanaoleta kazi zao kuchapwa kwenye sekretariati yangu. Mimi ndiye niliyewafahamisha duka lenu.

Bwana Meneja, mimi niliomba i7-2620M. Niliiandika kwenye karatasi, herufi na tarakimu zote, na karatasi hiyo mmeibana wenyewe kwa pini kwenye risiti ya dola 70. Sikusema "i7 yoyote". Ambayo namba yake baada ya kistari inaanza na 2 ni ya kizazi cha pili, kilichotoka 2011, inayoanza na 3 ni ya kizazi cha tatu, cha 2012. Zote mbili zinakaa kwenye soketi (kitako cha prosesa) ileile ya G2, yenye matundu 988, kwa hiyo kuingia zitaingia. Kuwaka ni habari nyingine. 8460p ina chipseti ya QM67, yaani chipu za bodi zinazoiunganisha prosesa na sehemu nyingine, na BIOS yake, programu ya kuiwasha mashine, haikitambui kizazi cha tatu. Ingekuwa 8470p, yenye QM77, mashine ingewaka na mimi nisingekuwa nakuandikia. Hili hata mtoto anayeuza chaja barabarani angeweza kuliuliza kabla ya kushika bisibisi. Fundi wenu alinijibu: "Imeingia, njo kusema inaitika", yaani ikishaingia basi imekubali.

Na kabla ya hayo yote nilipiga simu. Dada aliyepokea, mwenye adabu kweli, simlaumu, aliniambia 2620M ipo stoo, nilete tu mashine. Haikuwepo. Hakuna aliyeniambia kwamba haipo. Mtu alinyoosha mkono akachukua ya jirani yake kwenye rafu, basi.

Narudi kaunta, maana kwenye fomu fundi ameandika kwamba bodi kuu "ilikuwa mbovu tangu mwanzo". Tangu mwanzo wa nini? Nilisimama hatua moja kutoka kwake, niliona kila kitu. Soketi ile ina skrubu moja ubavuni. Ukiigeuza kidogo kwa bisibisi bapa, prosesa inaachiwa, unainyanyua kwa vidole viwili bila nguvu. Hakuigeuza. Alichomeka ncha ya bisibisi chini ya kona akapindua, nikasikia "kwa!", nikamwambia, "Baba, polepole," akasema kazi yake anaijua. Mpya nayo aliikandamiza kwa kidole gumba mpaka ukucha ukawa mweupe. Prosesa hizi hazikandamizwi! Unalinganisha alama ya kona, inaketi yenyewe, unafunga skrubu. Halafu ndiyo kicheko, ndiyo "mitraye", na mwanafunzi mmoja akaniuliza kama kazi yake imepotea. Nilimjibu nini? Sikuwa na la kumjibu. Fundi alimjibu kwa niaba yangu: "Muulize mama yako."

Ya zamani amenirudishia ndani ya kipande cha gazeti, pini za kona nzima zimelala kama mahindi baada ya mvua ya mawe. Kwa hiyo hata kuirudisha mahali pake tujue bodi ni nzima au la, haiwezekani. Kisha mkanidai dola 120 za bodi nyingine. Nilipokataa, mkaizuia mashine mpaka nilipe dola 15 za "uchunguzi". Uchunguzi upi? Wa kucheka?

Nilipoketi kuandika nilikusudia kudai mambo mawili tu: mniwekee i7-2620M niliyoilipia, au mnirudishie dola 70 pamoja na i5-2520M nzima, mashine ikiwaka mbele ya macho yangu. Lakini sasa ninapoyaandika naona hayatoshi. Dola 15 zifutwe. Maneno "mbovu tangu mwanzo" yafutwe kwenye fomu, na aliyeyaandika atie sahihi. Bodi ikionekana imeharibika, mtaileta ninyi kwa gharama zenu. Na kazi zote ninazopeleka kwa jirani tangu siku ile, wanafunzi wakiwa wanakimbizana na tarehe za kuwasilisha, nitaziandikia hesabu na mtazilipa.

Nawapa mpaka Ijumaa ijayo. Jumatatu yake risiti, karatasi yenye namba na prosesa iliyopinda vitakuwa Mahakama ya Biashara, na picha zake zitakuwa kwenye simu ya kila mwanafunzi anayepita mlangoni kwangu. Wanapita wengi, Bwana Meneja, na wengi wana laptopu za zamani kama yangu.

Kuichukua mashine nitakuja na fundi wangu. Yule wenu asiiguse tena.

Wako kwa heshima,
Mama wa sekretariati, mteja wa risiti iliyoambatanishwa